Matundu Ishirini na Manne

Mume wangu alitoboa chuma miaka thelathini na mmoja, na karakana nzima ilimwita Mzee Wima, kwa sababu tundu lake hata ukilipima kwa timazi lilikuwa limesimama. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mama yake.

Mashine yake niliijua bila kuishika. Alinifundisha mezani, sahani ikiwa boriti na kikombe ndicho mashine. Si ile drili ya kushika mkononi unayotobolea ukuta upate kutundika picha. Ni drili nzito ya kubebwa na mtu mwenye mgongo, nayo imekaa juu ya kitako cha sumaku ya umeme. Boriti kubwa huwezi kuileta kwenye mashine, basi mashine ndiyo inayoifuata boriti. Unaiweka juu yake, au ubavuni, au hata chini yake, kichwa chini miguu juu kama popo. Ukibonyeza swichi, kitako kinaing'ang'ania boriti kama kupe. Umeme ukikatika kinaachia palepale, ndiyo maana kabla ya yote unaizungushia mnyororo.

"Lakini sumaku ina deko," aliniambia. "Ukiacha rangi kati ya kitako na chuma, rangi tu, mama watoto, unene wa ukucha, inalegea. Ukiacha vumbi la chuma, inalegea. Inataka mwili kwa mwili."

"Kuwa na adabu, tunakula," nikamwambia.

Alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Mwaka wa thelathini na mmoja wa kazi yake, moyo wake ulianza kusahau kupiga. Asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu akabaki hukohuko chini, uso umemjaa jasho. Hospitali wakampasua kidogo chini ya mtulinga wa kushoto, wakamtia kifaa cha kuukumbusha moyo, ukubwa wake kama kiberiti. Yeye alikiita betri. Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa kitinda mimba wetu, ana sauti ya upole, anaandika kila kitu.

"Mzee unafanya kazi gani?"

"Fundi tu, mwanangu."

"Fundi wa nini?" nikamdakia. "Mwambie, baba watoto. Usimfiche daktari kama unamficha mkwe."

Nikaeleza mimi, nikatumia chupa ya dawa na sinia la sindano kama alivyonifundisha. Daktari akaweka kalamu chini.

"Hiyo mashine basi, mzee. Usiitumie tena, wala usiisogelee. Sumaku kali ikikaribia kifuani, kifaa kinaweza kuchanganyikiwa."

"Kichanganyikiwe na nini? Mimi nimekaa nayo miaka thelathini na mmoja hatujagombana."

"Wewe na mashine hamjagombana. Kifaa hakikuwapo."

Akaandika barua kwa karakana. Niliipeleka kwa mkono wangu, nikangoja msimamizi aisome mpaka mwisho, maana ninawajua wanaume na karatasi. Msimamizi ni mtu mrefu, mpole, ana tabia ya kukohoa kabla ya kusema. Siku ileile alichota rangi ya njano, akapiga mstari sakafuni, hatua nne kutoka inapowekwa mashine. Upande wa huku akaweka meza na kiti. "Mzee Wima atakagua michoro," akatangaza, "na asionekane ng'ambo ya mstari." Mafundi wakapiga makofi. Mume wangu, waliniambia, aliutazama mstari akasema, "Umeupinda."

Binti yetu mkubwa anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Kila jioni alipita kuhesabu vidonge vya baba yake ndani ya kile kisanduku chenye vyumba saba. Siku ya kwanza alinishika mabega jikoni.

"Mama, mimi nipo shuleni na watoto wa watu mchana kutwa. Wewe ndiye askari wake. Ukiona lolote, uniambie. Lolote."

"Nitakwambia."

Nilimwambia hivyo nikimwangalia machoni.

Basi mzee akawa mtu wa kiti. Alirudi nyumbani kucha safi kama za karani, akazitazama kama za mtu mwingine. Zamani alikuwa akipiga mluzi akioga, mluzi mbovu usio na wimbo. Ukakatika. Nikimuuliza, "Leo mmefanya nini?" anajibu, "Nimekikalia kiti. Kiti hakijalalamika." Viazi alivipanga pembeni mwa sahani, kimoja kimoja, asile. Mwezi wa tatu nilitoboa mikanda yake matundu mawili zaidi kwa msumari wa moto. Usiku nilikuwa nikimsikiliza moyo, unapiga vizuri kabisa, tik, tik, kama saa ya kwenye duka. Moyo wa mtu mzima ndani ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Halafu likaja lile daraja la waenda kwa miguu, la kuwavusha watoto wa shule juu ya barabara kuu. Waliliunganisha kwanza uani mwa karakana, juu ya vigingi vya chuma, kulijaribu kabla ya kulipeleka. Ndipo ikaonekana boriti mbili za katikati hazikutobolewa upande wa chini. Mtu aliusoma mchoro vibaya. Matundu ishirini na manne, yote ya kutobolea kwa chini, kitako kikining'inia. Aliyepewa kazi alijaribu kwenye kipande cha pembeni, matundu mawili yakaenda upande, bolti zikagoma kuingia. Mzee alinisimulia hayo akiwa amesimama. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo aliyosimulia jambo akiwa amesimama.

Siku mbili baadaye nikasikia mluzi bafuni.

Nilikuwa nafua. Nikaugeuza upindo wa suruali yake kukung'uta mchanga, na kilichodondoka kilikuwa chuma: vinyoya vitatu vilivyojisokota kama ganda la chungwa, vimeungua rangi ya buluu kidogo. Mtu akikaa kwenye meza ya michoro hapati vinyoya hivyo. Nikavishika. Vilikuwa bado na mafuta.

Akatoka bafuni na taulo shingoni, akaviona mkononi mwangu. Hakukana. Akavuta ndoo akaigeuza akaikalia, magoti yakanielekea.

"Saa ya chakula msimamizi anakwenda kwake," akasema. "Uani hakuna mtu. Nimetoboa manne."

"Unataka kufa?"

"Sikiliza. Unene wa ukucha wa rangi unailegeza sumaku, si nimekwambia miaka yote? Ukucha! Mimi nina shati, nina aproni ya ngozi, nina ngozi yangu mwenyewe na nyama juu ya betri. Na sumaku imebanwa juu kwenye boriti, inaangalia boriti, haina habari na mimi. Daktari anajua mioyo. Sumaku ninaijua mimi."

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Niliyatafakari maneno yake pale kwenye beseni, nikayaona yamenyooka. Leo ninajua kwamba rangi inainyima sumaku kushika chuma, haiifungi isipite. Daktari alinieleza baadaye kwa uvumilivu mkubwa. Lakini siku ile yalinyooka. Au nilitaka yanyooke, kwa sababu mtu aliyekuwa akiongea juu ya ile ndoo alikuwa mume wangu, si yule wa kwenye kiti.

"Yamebaki ishirini," akasema. "Niachie ishirini, mama watoto. Halafu nitakaa mpaka matako yaote kutu. Usimwambie mtoto."

Nilipaswa kuvaa viatu niende kwa msimamizi. Ni mwendo wa dakika kumi. Badala yake nikasema, "Utaishika kwa mkono mrefu. Kifua mbali."

"Kifua mbali."

Na nikafanya zaidi ya kunyamaza. Nilikuwa na begi langu la zamani la ngozi, mpini umekatika. Nikalifumua, nikaikunja ngozi mara tatu, nikaishona kwa shazia, ile sindano ya magunia, upande wa kushoto wa aproni yake, ndani, mahali pa betri. Mshono wa karibu karibu. Ilinichukua usiku mzima na ilinichubua kidole. Alipoivaa alijigonga kifuani kwa ngumi akasema, "Hata risasi."

Siku zile zilikuwa tamu, sitadanganya. Alikula. Aliomba kuongezewa. Jioni binti akiwa mezani anahesabu vidonge, mzee alikuwa ananionyesha vidole vinne chini ya meza, maana yake manne mengine leo. Mara moja nilicheka kwa sauti.

"Mnachekea nini nyie?" binti akauliza.

"Mambo ya wazee," akasema baba yake. "Hesabu vidonge vyako, mwalimu."

"Baba siku hizi umechangamka. Mama, unamlisha nini?"

Nikainuka kuchukua chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Manane, kumi na mawili, kumi na sita. Asubuhi ya siku ya tano alifunga kamba za viatu mwenyewe, akainuka bila kushika ukuta, akaniambia, "Kesho kutwa nakuwa mzee mwema." Nilimwangalia mpaka kona.

Saa nane kasoro mchana akaja mchomeleaji wao, anayeitwa Cheche, mtu wa utani ambaye hajawahi kuniamkia bila kunichekesha. Alisimama mlangoni ameshika kofia yake ngumu kwa mikono miwili. Alisema, "Shikamoo mama," bila utani wowote, na nikajua.

Yeye ndiye aliyemwona. Alikuwa amerudi mapema kuchukua miwani yake. Anasema mzee alikuwa juu ya benchi la mbao, chini ya boriti, ametoboa mawili na la tatu limefika katikati. Jua lilikuwa kali, mafuta yanamchuruzikia, haoni vizuri ncha inapozama. Akasogea. Akasogea tena, akaegemeza kifua kwenye mashine kabisa, shavu juu ya chuma, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Akakaa hivyo kidogo. Halafu akateleza chini polepole kama nguo inayotoka kwenye kamba. Benchi lenyewe halikuzidi kimo cha kiuno. Mashine ilibaki inanguruma juu, imeshika, mnyororo wake umefungwa vizuri. Katika kukimbizana hakuna aliyekumbuka kuizima mpaka baadaye sana.

Daktari alinipokea chumbani kwake. Nilitaka aniambie ndiyo au hapana. Akasema inawezekana ni sumaku, inawezekana ni moyo wenyewe, inawezekana ni jua na kuanguka, hawezi kuapa. "Pole sana, mama." Basi sina hata uhakika wa kushika.

Siku ya pili ya msiba nyumba imejaa, viti vya majirani, viatu mlangoni, msimamizi akaja. Alikohoa. Alipita katikati ya watu na urefu wake wote, akachuchumaa mbele ya kiti changu kama mtoto aliyeitwa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Barua uliniletea wewe mwenyewe. Nilipaswa kuifungia ile mashine kwenye stoo. Nilipaka rangi, nikaona inatosha."

Binti yangu alikuwa anagawa chai. Akaliweka birika chini.

"Rangi!" akasema. "Umempakia baba yangu rangi. Ulikuwa wapi saa ya chakula? Siku tano, kaka, siku tano mtu mgonjwa anapanda benchi kwenye uwanja wako na wewe uko kwako unakula! Mama yangu alimlinda miezi hapa, anampimia hata chumvi. Wewe saa moja ilikushinda?"

"Dada, una haki."

"Sitaki haki. Nitakwenda kokote kunakosikilizwa watu. Utajibu."

"Nitajibu," akasema msimamizi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Ana watoto wanne, mdogo hajaanza shule. Mtu mmoja alisema, "Mwacheni, ni uchungu," lakini watu walikuwa wanamwangalia msimamizi kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi.

Ningeweza kukaa kimya. Uzee ungenifunika, mjane analia, nani atamuuliza? Kila mtu mle ndani alikwisha kunisafisha, na binti yangu kuliko wote. Nilikuwa nimebaki na yeye peke yake karibu, wengine wako mbali, na nilijua nikifungua mdomo nitampoteza namna fulani.

"Inuka, mwanangu," nikamwambia msimamizi. "Nilijua."

"Mama, umechoka," binti akasema.

"Sijachoka. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilivikuta vinyoya kwenye suruali. Aliniomba matundu ishirini, nikampa. Ile ngozi ya ndani ya aproni nimeishona mimi, kwa begi langu. Yeye hakujua," nikamwonyesha msimamizi, "kwa sababu tulimvizia akiwa kwake. Kama kuna wa kujibu, aje kwangu."

Binti yangu alinitazama. Niliona anapita jioni moja moja nyuma, vidonge, chumvi, kicheko, anazikagua upya.

"Vile vidole chini ya meza," akasema.

Sikujua kama aliviona.

"Alikuwa amerudi," nikamwambia. "Baba yako alikuwa amerudi, mwanangu. Sikuweza kumfukuza tena."

"Ungeniambia. Ningelia naye. Ningeilalia hiyo mashine."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini, Mama?"

"Ndiyo, ungeizuia."

Alilichukua birika, akamaliza kugawa chai. Alimpa hata msimamizi, akamwekea sukari, akamwambia kwa sauti ndogo, "Nisamehe, kaka." Kwangu alipofika alikijaza kikombe nusu, kama ninavyopenda, akakiweka kwenye kigoda karibu na mkono wangu, hakunipa mkononi.

Sasa ni mwezi wa nane tangu tumzike. Kila jioni anakuja akitoka shuleni. Ananiletea mkate, ananipima presha, anaandika namba kwenye daftari, anauliza kama nimekula na nimelala saa ngapi. Ni mtoto mwema. Akiondoka anafungua kabati ya dawa, anahesabu vidonge vyangu mwenyewe, halafu anavihesabu tena, kwa sababu nikimwambia nimemeza, hanisadiki.