Kioo Kilichobaki na Uso wa Diedrich

Kama una mtoto anayetaka kununua kompyuta ya kazi, ile inayokunjwa ikawa kama kitabu mtu akaishika mkononi, msomee haya kabla hajaingia dukani. Mimi, Neta, si mtaalamu. Shule niliiachia darasa la sita kule Meksiko, kwenye makoloni yetu, yaani vijiji vya watu wa kanisa letu, na tangu tuhamie huku kaskazini, Manitoba, kazi yangu ni kuoka mikate. Lakini lililompata binti yangu Justina nimeliona kwa macho yangu, na linanikosesha raha mpaka leo.

Justina alikuwa ameacha kazi kwenye karakana ya mawe ya makaburi, akaamua kuuza mawe hayo mwenyewe. Anakwenda kwa wafiwa, anachukua picha ya marehemu, karakana inatengeneza mchoro, yeye anaurudisha mchoro kwa wenyewe wautazame kwenye kompyuta. Wakikubali, wanatia sahihi papo hapo kwa kalamu yake juu ya kioo. Hapo mashine inaanza kuchonga, na jiwe likishachongwa limechongwa. Mji wetu ni mdogo. Jina likichafuka hakuna sabuni. Kwa hiyo jiwe lake la kwanza ndilo lingeamua kama ataishi kwa kazi ile au atarudi kufagia vumbi la karakana.

Tulikwenda pamoja Winnipeg kuchagua kompyuta. Muuzaji, mtu mzima mwenye ndevu za kijivu aitwaye Marcel, akatuwekea mbili mezani.

"Hii," akasema, akifungua ya kwanza, "kioo chake haking'ai. Rangi zimepoa kidogo, kama shati lililofuliwa sana. Ila hata juani unasoma."

"Na hiyo nyingine?" Justina akauliza.

Akaifungua. Kusema kweli hata mimi nilisogea. Weusi wake ulikuwa weusi wa kisima, na rangi utadhani zimetoka kupakwa sasa hivi.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote humu ndani," Marcel akasema. "Lakini uzuri una masharti yake. Inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Chaji inakunywa. Na ukiiachia picha moja muda mrefu, kivuli cha ile picha kinabaki."

"Kinabaki vipi?" nikauliza mimi.

"Kinabaki tu, mama. Kama alama ya pasi kwenye nguo."

Justina alikuwa hasikii tena. "Hii," akasema. "Mimi nauza mawe meusi yenye sura za watu. Nimwonyeshe mama aliyefiwa na mtoto sura iliyopauka kama uji?"

"Lakini mwanangu, makaburini kuna jua."

"Makaburini kuna wafu, Mama. Walio hai naongea nao mezani."

"Basi itoe hata hapo nje mlangoni uitazame."

"Mama! Tunanunua kompyuta au ng'ombe?"

Marcel akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Ng'ombe tungemtoa nje.

Wateja wake wa kwanza walikuwa Isbrand Giesbrecht na mkewe Greta, wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Mtoto wao Diedrich alizama ndani ya ghala la ngano wakati wa kupakua. Nafaka ilimvuta chini kama maji. Kijana huyo alizaliwa na mdomo sungura, mdomo wa juu umepasuka. Madaktari walimshona angali mchanga, ikabaki kovu kutoka puani mpaka kwenye mdomo wa juu, na mdomo ukapanda kidogo upande mmoja hata akiwa amenuna ungesema anataka kucheka. Greta alimlisha kwa kijiko mwaka mzima kwa sababu hakuweza kunyonya. Nilimjua Greta kabla ya msiba, na alipoanza kusema habari za kijiko kile ulijua mkate wako utaungua.

Greta alitaka kitu kimoja tu: uso wa mwanawe juu ya jiwe.

Sasa kwetu hilo si jambo dogo. Kanisani wapo wanaoona sura ya mtu kwenye kaburi ni majivuno. Jina na tarehe vinatosha. Mama mkwe wa Greta, ambaye anaishi nao, ndiye mkali kuliko wote. Isbrand alikubali, ila kwa shingo upande, na akasema mchoro usiletwe nyumbani. "Tukutane kaburini," alimwambia Justina kwenye simu. "Mchana, watu wakiwa kazini. Tumalize upesi."

Basi meza ya Justina ikafia hapo.

Ilikuwa Machi, theluji bado imelala, na jua la Machi juu ya theluji wewe unalijua kama umeishi huku: linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Nilifuatana na Justina kwa sababu nilitaka kusafisha kaburi la marehemu mume wangu. Nilikuwa na koleo langu, nyuma yao kidogo.

Justina akaikunja ile kompyuta, kioo kikiwa juu, akamkabidhi Greta. Baridi ilikuwa imekwisha kuitafuna betri, kwa hiyo alikuwa amepunguza mwanga wa kioo isije ikazimika kabla ya sahihi. Greta akavua glavu moja, akapandisha miwani.

"Haya, mama Greta. Diedrich huyo."

Greta akatazama. Isbrand yeye hakutazama; alikuwa anatazama barabara.

"Justina," nikasema, "mimi hapa naona mawingu tu, na skafu ya Greta."

"Wewe uko nyuma, Mama. Aliye mbele ndiye anayeona. Mama Greta, unaona vizuri?"

"Naona, naona."

"Iko sawa?"

"Ni... eh. Ni nzuri."

"Itazame pole pole, usiogope."

"Greta, kuna gari linakuja," Isbrand akasema.

Gari lenyewe lilikuwa la mtu wa posta tu. Lakini Greta alikuwa amekwisha kusumbua vya kutosha, ndivyo alivyojiona. Alikuwa amemsumbua mume, mama mkwe, na kanisa zima kwa ajili ya picha ile. Kwetu mwanamke akishapewa alichoomba, haombi tena apewe na kivuli cha kukitazamia. Akachukua kalamu, akatia sahihi juu ya yale mawingu.

Kilichokuwa chini ya mawingu ni hiki. Pale karakana wana mashine ya kusafisha picha. Inafuta chunusi, inafuta mikunjo, na safari hii ilifuta kovu na kuunyoosha mdomo. Justina hakuwahi kumwona Diedrich akiwa hai. Ule mchoro ulipofunguka nyumbani kwenye kioo chake kizuri, kijana mzuri, laini, anatoka kwenye weusi kama mtu anayetoka mlangoni, aliniita nije nione, nami nikatazama macho yake kuliko mchoro, maana yalikuwa na machozi ya furaha. Hakurudi kuulinganisha na picha ya karatasi aliyopewa. Kitu kikipendeza namna ile nani anakipekua?

Jiwe lilisimikwa Juni, ardhi ilipoyeyuka. Wenyewe watatu na sisi wawili. Hata mama mkwe alikuja, amefunga mikono.

Greta akasogea mbele ya jiwe.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Diedrich," Isbrand akasema.

"Diedrich wangu alikuwa na mdomo. Mdomo wake uko wapi?"

Nilimwona Justina akigeuka rangi kuanzia shingoni.

"Mama Greta," akasema, "mbona siku ile ulisema unaona."

"Niliona anga, mwanangu." Greta hakuwa hata na hasira. "Niliona anga na mawingu. Nikasema labda ndivyo walivyomchora, wamemweka mbinguni. Nikasema ni vizuri."

Mama mkwe akasema, "Mlitaka sura, mmepewa sura," akaenda kukaa garini.

Justina akaanza kulia. Akasema atachonga jiwe jingine, hata kama itamchukua miaka, atalichonga. Isbrand akatikisa kichwa.

"Hapana. Tulitia sahihi. Neno letu ni neno letu. Kwaheri, Justina, Mungu akubariki."

Na hilo ndilo baya kuliko matusi. Kwetu watu hawaendi mahakamani, hawapigi kelele, hawarudishi mali. Ndiyo yao ni ndiyo. Wakikuumiza wanakuumiza kwa kukubariki.

Siku moja nilikwenda kung'oa magugu kwa marehemu wangu. Nikasikia mlio, tik, tik, kama ndege anagonga bati. Greta alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, ana patasi ya Isbrand na nyundo ya kupondea karanga.

"Greta! Utaliharibu."

"Si limeshaharibika, Neta?" Hakugeuka. "Njoo unishike kiwiko. Naenda upande."

Nikamshika. Ningefanya nini? Jiwe jeusi ukiligusa linatoa mstari mweupe kama chaki, na haufutiki. Akapiga kutoka puani kushuka chini, kidogo kidogo, anasimama, anatazama, anapiga tena. Mstari ulikwenda kombo. Pale mdomoni kipande kikaruka, kikaacha tundu. Greta akapeleka kidole ndani ya lile tundu akakiacha humo.

"Hapa ndipo kijiko kilipokuwa kinapita," akasema.

Jiwe liko hivyo hadi leo. Ukipita barabarani unaliona: kijana mzuri aliyepasuliwa uso. Watu huja kulitazama Jumapili wakitoka kula, wanatafuna mbegu za alizeti, wanarudi zao. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Justina lolote. Wanamsalimia, wananiuliza habari za mikate, halafu wakifiwa wanakwenda kununua mawe mji mwingine. Msimu mzima wa kiangazi simu haikulia, na ulipoingia wa mavuno haikulia.

Justina alianza kukaa jikoni na ile kompyuta, ameufungua mchoro wa Diedrich, pembeni picha ya karatasi. Anatazama hiki, anatazama kile. Nikimwambia zima ule chakula, anasema, "Ngoja kidogo, Mama." Aliongeza mwanga mpaka mwisho, ule mwanga aliouogopea chaji siku ile kaburini. Nikienda kulala nauacha uso ule unawaka, nikiamka naukuta unawaka.

Juzi nilimwambia aiuze. Angalau hiyo. Akaivuta, akafunga mchoro, kioo kikabaki kitupu, cheupe.

"Tazama," akasema.

Sikuona kitu mwanzoni. Halafu nikauona. Paji la uso, nywele, macho, hafifu kama jasho lililokaukia kwenye nguo, na chini yake ule mdomo ulionyooka. Akafungua barua, uso uko chini ya maneno. Akafungua picha za mawe mengine; uko chini ya mawe.

"Muuzaji alituambia," nikasema, kisha nikajuta kusema.

"Nani ataninunulia hii, Mama?" akauliza. "Kuna mtu ndani."

Nimeifunika kwa kitambaa ninachofunikia unga. Ninyi wenye watoto, sikieni: kifaa ambacho mtu mwingine ndiye atakayekitazama, kitoeni nje ya duka, kwenye jua, kwenye baridi, mumpe mwenye macho mabovu akishike. Wala msimuulize kama iko sawa, maana mtu mwenye adabu atasema iko sawa. Mwambieni awaeleze anachokiona, kimoja kimoja, mpaka afike mdomoni.