Kengele Katika Mizabibu

"Moja, mbili, geuza!"

Eleuterio alishika pembe mbili za karatasi ya kuanikia zabibu, binti yake Yareli akashika mbili za upande wa pili. Walikuwa wameifunika kwa karatasi tupu, na sasa wakazipindua zote mbili kwa pamoja. Zabibu zilizokauka zikalala chini, na zile za chini, zingali na majimaji, zikaliona jua la Madera kwa mara ya kwanza. Haikumwagika hata moja. Wakasogea hatua mbili, hadi karatasi iliyofuata.

Kazi hii si ya mtu mmoja. Ndiyo maana kila mwisho wa juma, msimu wa kuanika, Yareli huacha vitabu vyake vya chuo na kuja kumshikia baba yake zile pembe mbili. Mstari ulikuwa mrefu kiasi kwamba mwisho wake ulicheza kwenye mvuke wa joto, mara upo, mara haupo. Harufu ya sukari ilikuwa nzito hata nyuki waliruka polepole, kama wanaoota.

Katika mstari wa pili redio ya Crescencio ilikuwa ikiongea peke yake. Crescencio ndiye baba wa ubatizo wa Yareli, na tangu siku hiyo yeye na Eleuterio huitana kumpadre.

"Kumpadre! Sheria ya makaratasi inajadiliwa tena huko Washington. Eti waliokaa miaka kumi watapewa uraia."

"Si walisema hivyo hivyo mwaka ule?"

"Walisema. Ikapita kama ndege, juu kwa juu. Sisi tukabaki kuangalia moshi."

Yareli akacheka. Eleuterio alitabasamu tu, maana siku hizo kulikuwa na uraia mwingine uliomnyima usingizi.

Wiki tatu nyuma, mkutano wa kijiji chao cha Yukunuma, kule milimani Oaxaca, kusini mwa mpaka, uliinua mikono ukamchagua kuwa mpiga kengele kwa mwaka mzima. Hawakumwuliza kama anaweza. Huko zamu ikifika mlangoni kwako, unaibeba. Asiyeibeba jina lake hufutwa, na aliyefutwa hana shamba, hana maji ya mfereji, wala hazikwi pale. Mama yake, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa bado anaishi katika nyumba iliyoandikwa kwa jina la Eleuterio. Jibu lilitakiwa leo, kabla ya mkutano wa jioni.

Kwenda angeweza. Kurudi ndiko kulikomshinda. Alivuka jangwa la mpakani mara moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, bila kibali, na hakuthubutu tena. Akienda kupiga kengele, mkewe Herminia na Yareli watabaki upande huu wa ukuta na yeye upande ule. Akikaa, mama yake atafungiwa maji uzeeni kwa kosa la mwanawe.

Saa sita walikula tortilla, zile chapati za mahindi, na maharage, wakajinyoosha kwenye kivuli cha majani. Usingizi ukamchukua Eleuterio bila kumwomba ruhusa. Aliona kengele ya Yukunuma imening'inia kwenye mzabibu, kwanza ndogo kama tunda, kisha kubwa kama nyumba. Mama yake alikuwa akitembea juu ya karatasi, ufagio mkononi, na hapakuwa na zabibu iliyopasuka chini ya nyayo zake. Mwisho wa mstari palikuwa na meza, na mtu mwenye daftari.

"Huyu amefagia?" mtu yule akauliza.

"Amefagia," mama akajibu.

"Amebeba maji?"

"Amebeba."

"Amechuma?"

Mama akamgeukia Eleuterio ili ajibu mwenyewe, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa zabibu.

Alipozinduka alibaki akitazama majani. Akamkumbuka mwanamke mmoja aliyefika Yukunuma kutoka ng'ambo ya milima, hana ndugu wala barua. Alisaga mahindi ya sikukuu tatu, akafagia kanisa mwaka mzima, na mkutano ukaliandika jina lake. Hakuna aliyemwuliza alipitia njia gani. Eleuterio hakuwalaumu watu wa Washington. Alidhani tu kwamba labda hakuna aliyewahi kuwaeleza kuwa kumwandika mtu kwa kazi yake kunawezekana, na ni jambo jepesi hivyo.

"Baba," Yareli akasema, "nina neno. Usinune."

"Sijanuna bado."

"Jana nilimpigia simu Mzee Abundio."

Abundio ndiye mkuu wa kijiji. Eleuterio akainuka, akakaa kitako.

"Nilimwuliza kengele ni ya mtu au ya nyumba. Akasema ni ya nyumba. Nikamwambia, basi nyumba yetu ina mtu mwenye pasipoti. Mimi nimezaliwa hapa, Baba. Naenda kwa mlango wa mbele, narudi kwa mlango wa mbele. Chuo kitaningoja mwaka mmoja."

"Akasemaje?"

"Akasema baba yako akikubali, tutaandika. Akaniuliza, 'Unajua kupiga, mjukuu?' Nikasema najua."

"Umemdanganya mzee!"

"Kidogo tu. Nifundishe kabla ya jioni, uwongo wangu uishe."

"Hata bibi yako hujawahi kumwona."

"Ndiyo nitamwona. Mmoja wetu lazima amwone, Baba."

Eleuterio aliokota beseni la bati la kuchumia, akalifunga kwa kamba kwenye waya wa mizabibu, kisha akampa kisu chake, mpini mbele.

"Kuna milio mitatu. Wa kwanza wa misa, wa pili wa kazi ya wote, wa tatu wa msiba. Wa misa ni wa polepole, kama mtu anayepanda ngazi."

Yareli akapiga. Akakosea, akarudia, akapata.

"Wa kazi, mapigo mawili ya haraka, moja zito. Anayeusikia anaacha alichoshika."

Akapiga. Sauti ya bati ikapenya majani, ikaenda mbali kuliko ilivyostahili. Kofia moja ikachomoza juu ya mizabibu, kisha nyingine. Nieves, mjane wa kijijini kwao, alikuja mbio akishika sketi. Crescencio aliiacha redio. Wakafika wanane, wote wa Yukunuma, vumbi hadi kope.

"Nani amepiga?" Nieves akahema. "Miaka kumi na minane sijausikia huo! Nilikuwa natafuta ufagio, jamani!"

"Ni Yareli, anajifunza," Eleuterio akasema.

"Anajifunzia magoti yangu?"

"Mwache apige," Crescencio akasema. "Akipiga hivyo Washington, huenda nao wakaamka."

Walicheka, lakini hawakurudi. Aliyeitikia mlio ule haondoki bila kufanya kazi. Wakagawana wawili wawili, wakaanza kugeuza karatasi za Eleuterio, huku Yareli akiendelea kupiga.

Eleuterio akasogea pembeni, akapiga simu.

"Hiyo ni kengele gani?" Mzee Abundio akauliza kabla ya salamu.

"Ni mjukuu wako, mzee. Anaita watu."

"Ana haraka. Avute pumzi kabla ya lile pigo zito."

"Nitamwambia. Mzee, andika nyumba ya Eleuterio."

"Nimeshaandika. Nilikuwa nangoja sauti yako tu."

Jua lilipolegea watu walirudi kwenye mistari yao. Zilibaki karatasi kama arobaini, na gari la msimamizi lilikuwa tayari likipiga honi barabarani. Yareli alisimama mbele ya beseni, kisu kimeinuliwa.

"Na wa tatu?"

Wa tatu hupigwa pigo moja kwa kila mwaka wa umri wa marehemu. Eleuterio akamwona tena, kama ndotoni, mama yake na ufagio wake, akitembea juu ya zabibu bila kuzipasua. Akanyoosha mkono, akakitwaa kisu taratibu.

"Huo kesho," akasema. "Kesho tutamalizia na karatasi."

Wakaliacha beseni likining'inia kwenye waya.