Tumbawe Nililomwachia Shemeji

Miaka minne iliyopita niliua tangi zima la matumbawe kwa mikono yangu mwenyewe, na simsingizii mtu. Maji ya tangi yakipungua kwa joto, kinachopaa ni maji tu, chumvi hubaki. Kwa hiyo huongezwa maji matamu. Mimi, kwa ujuaji wangu, kila asubuhi nilijazia maji ya chumvi. Haikufika miezi miwili, kila kilichopumua mle ndani kilikuwa kimekufa.

Kabla ya msiba huo nilikuwa nimelikata tumbawe langu la kijani na kumpa kipande kaka wa mke wangu, kinyozi mwenye tangi dogo dukani kwake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Sisi wafugaji wa matumbawe tuna desturi hiyo: unachokipenda usikiache katika tangi moja tu. Mgawie mwenzako, ili ya kwako yakiharibika ukaombe.

Kuomba ndiko kulikonishinda. Shemeji alinibatiza jina la Mzishi, na kila nilipokwenda kunyolewa aliwaonyesha wateja lile tumbawe. "Hili ni yatima. Aliyemuua mama yake huyu hapa, kakaa kitini." Nikahama kinyozi.

Mwaka huu nikarudi kufuga. Nilinunua tangi la lita mia mbili, nikaliweka sebuleni mbali na dirisha, nikapanga mawe na mchanga, nikawasha pampu na hita. Halafu nikakaa wiki sita bila hata samaki mmoja, maana tangi jipya ni sumu mpaka vijidudu vya kusafisha maji vizaliane kwenye mawe. Mke wangu aliwaambia majirani kwamba mumewe anafuga mawe.

"Yanakula nini?" aliniuliza siku moja.

"Yanakula subira yangu."

"Basi yatakufa njaa."

Wiki ya saba niliingiza samaki wawili wadogo. Walipokula vizuri kwa siku kumi, nilikwenda kwa shemeji kichwa juu. Alikuwa anamnyoa mtu ndevu.

"Shemeji, nimefuata kipande changu."

"Umefuata, au umekuja kuomba?"

"Changu sikiombi."

Wateja wakacheka. Nikalisogelea tangi. Tumbawe lilikuwa limejikunja. Vile vidole vyake laini, vilivyokuwa vikichezacheza majini, vilikuwa vimenywea, na ukingoni mifupa myeupe ilikuwa nje.

"Liko hivi tangu lini?"

"Kama mwezi. Linanuna, limerithi kwa mwenyewe."

"Halinuni. Linakufa."

Wembe ulisimama shavuni pa mteja. "Life kwangu, lipone kwako? Mzishi siku hizi daktari?" Akaufuta wembe kwa taulo. "Kesho sifungui duka. Nitakuja kwako na kipima chumvi changu. Maji yako yakiwa sawa, lichukue. Yasipokuwa sawa, usinitajie tumbawe mpaka siku ya kunizika."

Kesho yake saa sita mchana alifika. Mke wangu alivuta kiti akakaa kama anayesubiri mpira uanze. Shemeji alidondosha tone la maji yangu kwenye kioo cha kipima chake, akakielekeza dirishani na kuchungulia. Matumbawe hutaka gramu thelathini na tano za chumvi kwa kila lita.

"Thelathini na tisa!" Akamgeukia mke wangu. "Mdogo wangu, mumeo karudia yaleyale."

Asubuhi ileile nilikuwa nimepima kwa kipima changu nikapata thelathini na tano kamili. Mwingine angeyumba. Mimi ni fundi wa majokofu, na katika kazi yetu hakuna anayeiamini geji kabla ya kuangalia mshale umelala wapi wakati haipimi kitu.

"Shemeji, kipima chako kinasema ngapi kwenye maji yasiyo na chumvi?"

"Nani anapima chumvi kwenye maji yasiyo na chumvi?"

"Fundi."

Ili asiseme nimeyatia dawa, mke wangu alitoka akaenda kununua chupa ya yale maji safi ya kuongezea betri. Shemeji aliifungua kwa mkono wake. Akadondosha, akachungulia. Akafuta kioo, akadondosha tena.

"Nne," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Kipima changu kilisoma sifuri.

"Thelathini na tisa toa nne..." mke wangu alianza.

"Tumesoma sote, mdogo wangu." Shemeji alikaa chini. "Kiliniponyoka mwezi uliopita, kikaanguka sakafuni. Nikakiona kizima. Baada ya hapo kikawa kinasoma juu, nikawa natoa maji ya tangi natia matamu, mpaka kikarudi thelathini na tano."

Yaani chumvi yenyewe ilikuwa thelathini na moja. Mimi niliwaua wangu kwa chumvi, yeye alikuwa akimuua wa kwangu kwa kukosa chumvi. Nilikuwa na maneno matatu makali ulimini, yamepangana vizuri, na nadhani aliyaona. Niliyameza.

"Inuka twende dukani," nilisema.

Kufika tu alishika kopo la chumvi alimwage lote. Nikamdaka mkono. "Ukipandisha leo leo utaua hata samaki. Panda kidogo kidogo, siku saba."

"Tumbawe halina siku saba."

"Ndiyo maana linaondoka na mimi."

Alilitoa mwenyewe, akalitia katika mfuko pamoja na maji yake, akaubeba kwa mikono miwili mpaka kwangu. Tuliliweka ndani ya ndoo, tukalidondoshea maji ya tangi langu kwa mrija mwembamba, tone kwa tone, saa tatu nzima; ilikuwa haraka, lakini halikuwa na siku za kungoja. Kisha nikalilaza chini, pasipo na mwanga mkali.

Siku tatu halikujikunjua. Shemeji alipiga simu kila asubuhi, nami kila asubuhi nilimjibu, "Litafunguka." Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikampigia mimi.

"Vidole vitatu viko nje. Vinacheza."

"Nina mtu hapa, nimemnyoa nusu kichwa."

"Mlete."

Walifika mbio. Yule mteja alisimama sebuleni kwangu na shuka la kinyozi shingoni, upande mmoja nywele, upande mmoja kipara. Alikodolea macho kioo kwa muda.

"Sasa huu ni mmea gani?"

"Ni mnyama!" tulimjibu kwa pamoja, mimi na shemeji, kwa ukali mpaka akarudi nyuma hatua moja.