Mashua ya Nguo Yaenda Kuposa

Mashua ya Mwalimu Eugène ilikunjwa ikaingia mfukoni. Si mfuko wa suruali, nisitie chumvi. Ni ule mkubwa wa mgongoni. Mifupa yake ilikuwa vyuma vyepesi, na ngozi yake kitambaa kilichopakwa mpira. Aliinunua kwa mtafiti mmoja wa samaki aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku hiyo mji mzima wa Baraka ukamwita mwenye mashua ya nguo. Alivumilia. Alimpenda Ketsia wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, na baba yake Ketsia, mzee Casimir, fundi wa mitumbwi, alikwisha tamka kwamba binti yake haolewi na mwanamume anayepanda vyombo vya watu.

Wiki ya kwenda kuposa, jiwe likaichana mashua chini ya kiti. Eugène akaipeleka kwa Jafari, mziba mipira ya baiskeli. Jafari akaushona mpasuko kwa uzi wa nyavu, akapiga msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka ndani na kingine nje. Vyote alivikata mviringo, maana kiraka huanza kubanduka kwenye kona.

"Itakuvusha, mwalimu," akasema. "Lakini mafuta, hapana. Mafuta inakulaka gundi. Ukiipaka sawa mutumbwi ya mbao, kiraka itatoka."

"Nimesikia."

"Batu ba huku banapendaka kupaka."

"Nimesikia, Jafari."

Akavuka asubuhi, ghuba imetulia, na halikuingia hata tone. Ufukweni Casimir aliizunguka mashua, akaibonyeza kwa kidole. Ikabonyea.

Wakala bugali na samaki wa mikeke, posa ikazungumzwa mpaka ikaisha bila mtu kupandisha sauti. Jibu halikutolewa. Kwa akina Casimir jibu halitamkwi: chombo cha mchumba aliyekataliwa huachwa kilivyokuja, cha aliyekubaliwa hupakwa mafuta ya mawese na wenyeji. Ketsia alikuwa amemweleza hilo mapema, na Eugène alilala vibaya tangu hapo, kwa sababu hakujua aombe lipi.

Walipotoka nje, kaka wawili wa Ketsia walikuwa wamepiga magoti ufukweni. Mashua ilikuwa imepinduliwa, na bakuli la mawese lilikuwa katikati yao. Walikuwa wameanzia mbele, wakisugua polepole kwa vitambaa.

Furaha ilimpanda Eugène mpaka machozi yakamlenga. Hofu ikaja nyuma yake kidogo.

"Mutumbwi ya mukwe wetu hairudiake kavu," Casimir akasema.

Ketsia, aliyesimuliwa habari za kiraka kwa simu, alisimama mlangoni akimtazama tu. Eugène akaufikiria upana wa ghuba. Akafikiria pia kuogelea kwake, ambako hakuna aliyewahi kukusifu. Kisha akachuchumaa, akachovya mkono mzima kwenye bakuli.

"Baba, hapa bamesahau," akasema, akakipaka kiraka chenyewe.