Fundi wa Msumeno wa Petroli

Mradi wa karanga ulipokuwa unakata roho pale Nachingwea, kila mtu alitafuta pa kujishikiza. Kaimu wa Marambo alijishikiza kwenye msumeno wa petroli. Baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge, zikarudi habari zake tu. Na sasa Mwanne, mkewe, alikuwa na mimba ya kwanza. Kaimu aliapa kwamba yeye mkonge hatauona.

Aliyemfundisha ni Gaudens, fundi wa mitambo aliyekulia misheni, mtu mwenye mdomo mchungu. Alimwonyesha kupogoa: tawi nene hukatwa kidogo kwa chini kwanza, ndipo kwa juu, lisije likaanguka na kuuchuna mti gome. Akamfundisha kunoa meno ya mnyororo kwa tupa, kukung'uta vumbi kwenye chujio la hewa, na kuchanganya petroli na oili, maana injini ile hainywi petroli tupu. Kelele yake kubwa ilikuwa moja: mnyororo usikauke. Kaimu alimeza kila neno.

Basi Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Ruangwa, ambaye mikorosho yake ilikuwa imefungamana hata jua halipiti, akataka mpogoaji wa kudumu. Gaudens akamtaja Kaimu. Akapewa msumeno akapogoe kipande cha majaribio huko Chunyu. Kikimalizika vizuri, kazi ni yake, na atalala nyumbani kwake maisha yake yote.

Alipogoa vizuri mno, na balaa likaanzia hapo. Kwa kuogopa mnyororo kukauka aliutilia oili kila alipohamia mti mwingine, ile ile oili ya kuchanganyia, mpaka kopo likabaki tupu na mikorosho bado ipo. Nachingwea mbali, na mwenye shamba anakuja kesho.

Sasa, kwetu huku ufuta ni dawa ya kila kitu. Mtoto akizaliwa anapakwa, cherehani ikikwama inatiwa, bawaba ikilia inanyamazishwa. Mwanne alikuwa amemfungia mumewe chupa ya mafuta ya ufuta ya kuungia kisamvu, ameyakamua kwa mikono yake. Kaimu aliyainua juani. Yalikuwa mepesi na masafi kuliko ile oili nyeusi ya Wazungu. Nani angeona kosa hapo? Akayachanganya na petroli.

Msumeno ukawaka. Ukakata matawi, Kaimu akacheka peke yake shambani. Kisha sauti ikawa nzito, ikakohoa, ikazimika. Kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika. Aliivuta mpaka kiganja kikachanika.

Kesho yake Gaudens, aliyefuatana na mwenye shamba, alifungua injini, akainusa. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Kaimu.

"Umeikaanga, ndugu yangu," alisema. "Ufuta hauhimili moto wa injini. Pistoni imeng'ang'ania ndani, na spea hakuna tena."

Kaimu alieleza yote, hakuficha kitu. Mwenye shamba alimsikiliza, kisha akamwambia Gaudens kwamba atatumia watu wa mashoka, kwani shoka halina injini. Kaimu akaomba apewe shoka basi. Akajibiwa kuwa wenye mashoka wametosha.

Alirudi Marambo kwa miguu. Mwanne alimpokea kwa furaha, akauliza kama mafuta yake yalimfaa. Kaimu alimrudishia chupa tupu. Angesema nini, na yule mwanamke ametoa kilicho chema kuliko vyote nyumbani?

"Yalinifaa sana," alisema.

Hakumwambia kamwe. Alimwambia tu kwamba Mzungu amebadili nia, Wazungu ndivyo walivyo.

Mvua zilipokaribia, lori la kuchukua watu wa mkonge lilisimama sokoni Nachingwea. Karani alimtazama Kaimu mikono, akamwuliza kama ana ufundi wowote, kwa kuwa mafundi hawalali kambi moja na wakataji.

"Sina," Kaimu alisema, akapanda.