Mlango wa Koo Tano

Usingizi ulinichukua Jumapili alasiri, nikiwa nimekaa sakafuni chumbani kwangu na brashi mkononi, baada ya siku iliyonichosha moyo kuliko mwili. Asubuhi baba wadogo na wajomba walikuwa wamekutana sebuleni kuamua mama apelekwe hospitali ipi, na wakabishana saa nne nzima. Mimi ndiye niliyekuwa pamoja na mama wakati daktari alipotuambia kwamba upasuaji usipofanyika kabla ya Jumatano hautafaa tena. Nilipita katikati yao na sinia la vikombe, nikasubiri kuulizwa. Sikuulizwa. Nikarudi chumbani kupaka rangi visanamu vya mdogo wangu Elisifa, ambaye hucheza na wenzake wa chuo mchezo wa vita vya mezani. Jeshi lake ni wajukuu wa wahamiaji waliopotea angani, watu wa koo na milima ya baridi, wenye mashuka ya miraba kiunoni na mapanga yaliyofuliwa kwa mabati ya chombo chao. Nilikuwa kwenye mraba mwekundu wa shuka la mmoja wao kope ziliponishinda.

Nikajiona nimesimama kwenye uwanda wa majani ya zambarau, chini ya jua dogo lililopauka, na mbele yangu mbavu za chombo kikubwa zimechomoza ardhini, kondoo wakilala kati yake. Kando yangu alikuwa mwanamke mwembamba, mtandio umemshuka hadi kwenye nyusi. "Naitwa Haya," alisema. "Nimekulea tangu ulipoanza kutembea. Nishike mkono, utazame, usiguse kitu." Akanionyesha cheche iliyokuwa ikikata anga polepole. Mababu wa watu hawa, alisema, walianguka hapa, na walioahidi kuwafuata hawakuonekana kwa miaka mia tatu. Leo ndipo chombo cha kuwatafuta kinapopita. Kikiitwa kitashuka, kisipoitwa kabla hakijafika nyuma ya mlima, hakitarudi tena.

"Basi mbona hawakiiti?"

"Mtambo wa kuitia waliugawana vipande vitano, kila ukoo kimoja, ili pasiwe na ukoo wa kusema peke yake kwa niaba ya wote. Walifanya hivyo kwa kupendana. Leo wamevileta vyote."

Kweli walikuwa wamevileta. Mbele ya nyumba ya mawe ya kuunganishia mtambo, yenye mlango mmoja mwembamba, zilisimama koo tano, kila moja na sanduku lake, wala hapakuwa na aliyeingia, kwa sababu desturi yao ilisema kwamba ukoo utakaovuka kizingiti kwanza umekiri kuwa mdogo wa wote, na kizazi kizima utakaa karibu na mlango na kula mwisho. Haya alinionyesha Kiburi, ameegemea ukuta. Nilitegemea kuona sura mbaya, kumbe alikuwa mzee mzuri mno, anataja majina ya marehemu wao mmoja mmoja huku machozi yakimtoka. Bibi mmoja aitwaye Kinyongo alizunguka na birika la kinywaji cha moto, na kila aliyeonja alikumbuka jambo.

"Ingieni basi, Makinesi," mkuu wa ukoo wa Makruari aliwaambia ukoo wa jirani. "Au miguu imeganda?"

"Miguu mizima, bwana mkubwa," alijibu mkuu wa Makinesi. "Tunawaachia nyinyi mlioshushwa chomboni kama magunia."

"Tulichoka kwa kuwabeba babu zenu, waliotutapikia mgongoni safari nzima."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, na cheche ikazidi kusogea. Ndipo nilipomwona Tumaini, amelala chini karibu na kizingiti, amefunikwa mashuka ya koo zote tano, maana kila ukoo ulikuwa umempa shuka, ila njia hakuna aliyempa. Alikuwa amekonda hata mashuka hayakuinuka alipopumua.

"Kimefika wapi?" aliniuliza.

"Kimekaribia mlima."

Alinitazama kiunoni. "Wewe huna shuka, dada. Huna ukoo hapa. Ukiingia wa kwanza hakuna aliyeshindwa. Simama ndani useme, nimeshaingia, nifuateni. Ni hayo tu."

Niliinua mguu. Mkono wa Haya ukanibana, si kwa nguvu, kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara. "Watu wazima wanazungumza," alininong'oneza. "Watakuona wenyewe. Watakuuliza." Nikashusha mguu. Nilisimama pale na sentensi nzima mdomoni, naipanga upya ili iwe na adabu zaidi, mpaka cheche ilipogusa mlima na kuzimika.

Nilipoinama kwa Tumaini, mashuka yalikuwa yamelala bapa juu ya mawe na chini yake hapakuwa na mtu. Mkuu wa Makruari alivua kofia akamwambia mwenzake, kwa sauti isiyo na kejeli hata kidogo, "Ingieni tu, nje kuna baridi." Wakaingia wote, na hakuna aliyeangalia nani ametangulia. Kiburi aliendelea kutaja majina, ila sasa yalikuwa majina ya wale walioingia.

"Kwa nini hukuniachia?" nilimuuliza Haya.

"Hukuuvuta mkono," alisema, na nikaamka.

Nyumba ilikuwa kimya, wageni wameondoka. Nilikwenda kwa mama, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wameamua?"

"Bado. Watakutana tena."

"Uliwaambia alichosema daktari?"

"Sikuwaambia, mama."

Alinipapasa goti. "Usijilaumu, mwanangu. Wakubwa wanaongea, ungeanzia wapi? Hata mimi nilikuwa nawasikia kutoka humu ndani."

Alisema kwa upole ule ule alionilea nao, na hapo nikaelewa ni malezi ya nani yaliyonishika mkono kule uwandani, na kwamba hayakunishika kwa ubaya. Yalikuwa yamemshika na yeye, humu chumbani, saa nne nzima, ukuta mmoja tu kutoka kwao.

"Watakutana lini?" aliuliza.

"Ijumaa."

Nilifungua mdomo nimkumbushe Jumatano, nikaona macho yake yameshafika huko kabla yangu.