Elikesi wa Ukoo Gani?

Hilaria alikuwa fundi cherehani wa Majengo, na zipu ilikuwa kazi yake kabla haijawa somo lake. Miaka kumi na tisa amebadilisha zipu za suruali, za magauni, za mabegi ya wapagazi wanaoshuka mlimani, na hakuna hata moja iliyomshinda. Kilichomshinda ni mdomo wake mwenyewe, siku moja, mbele ya Mwalimu Vedastus.

Ngoja nieleze vizuri. Hilaria aliacha shule kidato cha tano baba yake alipofariki. Sasa ana miaka arobaini na mitatu, akajiandikisha darasa la Jumamosi la wanaorudia biolojia, pale pale Majengo. Alitaka kusomea kazi ya maabara. Alitaka hivyo tangu usichana, na hamu hiyo haikumtoka hata siku moja. Wenzake darasani walikuwa vijana watupu, na mwalimu mwenyewe, miaka ishirini na minane, alimwamkia shikamoo kabla ya kumfundisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama.

Wiki ya kwanza mwalimu akasema, "Seli ikitaka kugawanyika, inanakili DNA yake kwanza. Helikesi ndiye anayefungua njia."

Sasa Hilaria kazaliwa Kirua Vunjo, na huko kina Eli hawahesabiki: Elirehema, Elibariki, Eliamani, Elisaria. Akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Samahani mwalimu, huyu Elikesi ni wa ukoo gani?"

Mama yangu! Darasa lilicheka mpaka mwalimu mwenyewe akageukia ubao kuficha meno. Helikesi ni kimeng'enya, kazi yake kutenganisha nyuzi mbili za DNA zilizoshikana. Hana ukoo, hana shamba, hana shemeji. Tangu siku ile vijana wakambatiza Mama Elikesi. "Shikamoo Mama Elikesi!" Anaitikia marahaba, anacheka nao, akifika nyumbani anaumia.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba kila mmoja atafundisha mada moja ubaoni. Atakayeshindwa atarudi kwa wanaoanza, mtihani afanye mwakani. Vikaratasi vikakunjwa, vikatikiswa ndani ya kofia. Hilaria akachota chake, akasoma: *Jinsi seli inavyonakili DNA*. Jamani! Mada zote zile, hiyo hiyo! Akajiapia moyoni, nikirudishwa nyuma narudi kwenye cherehani yangu, shule basi.

Jumamosi iliyofuata akaja na zipu ndefu ya jaketi, akaibandika ubaoni kwa selotepu.

"Hii ndiyo DNA," alisema. "Nyuzi mbili, meno yameshikana. A hushikana na T, C hushikana na G. Hakuna kubadilishana." Akaandika herufi kando ya meno, akakamata kishikio, akavuta. "Na anayefungua ni huyu, Elikesi."

Wakacheka. Ulimi ulikuwa umemsaliti tena. Akaendelea.

"Zipu ikifunguka, kila upande unatafutiwa mwenzake mpya. Fundi wa kushona anaitwa polimeresi, lakini hajui kuanzia patupu. Primesi anamtangulia, anampigia bandi fupi, mshono wa muda tu, naye anaanzia hapo. Tena anashona kwenda mbele tu, kama cherehani yangu ile kuukuu. Upande huu hana taabu, anashona moja kwa moja akiifuata zipu. Upande wa pili umekaa kinyume, kwa hiyo anashona kipande, anarudi mdomoni mwa zipu, anashona kingine. Viraka vitupu! Bandi zikishatolewa na nafasi zake kujazwa, ligesi anaviunga viraka, unakuwa uzi mmoja."

Hakuna aliyecheka sasa. Dainess, binti wa benchi la mbele aliyemtungia lile jina, alikuwa ameinama anaandika mbio mbio.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Ila umesahau jambo moja kubwa. Bila hilo sikupitishi."

"Lipi, mwalimu?"

"Nikikuambia, nitakuwa nimefundisha mimi. Jaza herufi za uzi mpya huku unakumbuka."

Hilaria akatafuta kichwani, hola. Akaanza kujaza ili mradi mkono usikae bure. Mbele ya A akaandika T. Mbele ya C akaandika G. Mbele ya G akaandika T, na nyuma yake mtu akaguna.

Mkono ukaenda kwenye herufi inayofuata, ukagoma. Fundi gani anashona kwenda mbele na huku nyuma kumeharibika? Akarudi, akaifuta ile T kwa pindo la kanga, akaandika C. Ndipo akashtuka.

"Weee!" akapiga kelele, chaki juu. "Kumbe ni hivi hivi! Polimeresi hashoni kurudi nyuma, lakini kufumua anajua! Akiweka herufi isiyo yake, hasongi. Anarudi hatua moja, anaifumua, anaweka iliyo sahihi, halafu anaendelea na safari yake!"

"Ndilo hilo hilo," mwalimu akasema, akicheka kwa furaha kabisa. Akafungua daftari lake, na mbele ya jina la Hilaria akaandika: *Mtihani Mei, mwaka huu.* Darasa likapiga makofi. Hilaria naye akacheka na kulia kwa pamoja, uso mzima umejaa vumbi la chaki.

Wakati wa kutoka, Dainess akamfuata mlangoni, jaketi mkononi, macho chini.

"Samahani, Mama Hilaria. Zipu yangu imegoma kufunguka."

"Mama nani?"

"Mama Hilaria," binti akarudia, aibu imemjaa.

"Lete hapa," Hilaria akasema, akalinyakua lile jaketi. Akavuta kishikio mara moja, zipu ikaachia mpaka chini. "Mimi ni Elikesi. Elikesi wa Kirua, ukoo wa mafundi."